Windows, Linux, Mac ama Chromebook: ununue gani ukiwa Mombasa, ya nyumbani na ya biashara

Ukizunguka mjini sai, kuanzia Moi Avenue mpaka kule Mwembe Tayari, laptopu za ex-UK, yani mitumba iliyotoka Uingereza, zimejaa madukani na watu wanauliza bei, RAM na betri, basi. Mfumo endeshi, yani ile programu kuu inayoendesha mashine nzima, hakuna anaeuliza, muuzaji anawasha, Windows inatokea kwenye skrini, mnamalizana. Na hapo ndipo pesa za watu zapotea, kwa sababu mfumo ndio utaamua kama programu ya kazi yako itaingia au haiingii, na mashine itapata apdeti za usalama kwa miaka mingapi. Kwahivyo kabla ya bei jiulize swali moja, kuna programu gani ambayo nikiikosa kazi yangu imesimama? Ukishapata jibu, uchaguzi wenyewe wabaki mdogo sana.

Nazipanga vile mimi naona, kwa mtu wa hapa kwetu mwenye duka, ofisi ndogo, saiba, ama watoto wa shule nyumbani.

Ya kwanza: Windows 11, yenye leseni halali, prosesa (chipu kuu) ya jenereshoni, yani kizazi, ya 8 kwenda juu

Kwa biashara hii ndio namba moja na sababu si uzuri wake, sababu ni programu. Maduka mengi hapa hesabu ziko kwa Tally, wengine QuickBooks ile ya kuinstoli, na TallyPrime yaingia kwenye Windows. Printa ndogo za risiti nyingi zaja na draiva (programu ya kuifanya kompyuta iitambue printa) za Windows. KRA nao, eTIMS (mfumo wao wa ankara za kodi) ya kwenye tovuti yafunguka kwa brauza yoyote, lakini ile ya kuinstoli kwenye kompyuta ni ya Windows, alafu kuna zile fomu za ritani za Ekseli zenye makro ambazo ukizifungua kwa kitu kingine waweza kukesha nazo. Kama wewe ni kliaringi ejenti kazi nyingi iko kwenye brauza, lakini hata hivo mteja atakutumia faili la Ekseli na anataka lirudi vile lilivyokuja.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Yani mashine haizimi, inaendelea kuwaka kama kawaida, lakini mashimo ya usalama yakigunduliwa hayazibwi tena. Kwa watu wa nyumbani waliweka nyongeza ya mwaka mmoja mpaka 13 Oktoba 2026, na kwa makampuni nyongeza ni ya kulipia, dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza na kila mwaka unaofuata bei inakuwa mara mbili, mwisho miaka mitatu. Kwa ofisi yenye mashine kumi hesabu hiyo ifanye mwenyewe uone.

Na Windows 11 ina masharti. Yataka RAM isiyopungua 4GB (mimi nakwambia usichukue chini ya 8), nafasi ya 64GB, kitu kinaitwa TPM 2.0 (chipu ya usalama ndani ya mashine), na kwa Intel yataka prosesa kuanzia jenereshoni ya 8. Ndio maana ofisi za Uingereza na kwingine zikatoa mashine zao za jenereshoni ya 6 na ya 7, na nyingi zikaishia kwenye kontena zikaja huku. Ni mashine nzuri, zina nguvu, lakini muuzaji anakuwekea Windows 11 kwa kulazimisha, inaingia, inafanya kazi, alafu toleo kubwa la kila mwaka likija haliingii lenyewe mpaka fundi alilazimishe tena, na Microsoft hawajaahidi kwamba mashine kama hiyo itaendelea kupata apdeti.

Jenereshoni waisoma kwenye namba ya prosesa. i5-8250U, ile 8 baada ya kistari ndio jenereshoni. i5-7300U ni ya 7. i5-1135G7 ni ya 11, hapo wasoma tarakimu mbili. Kwa majina ya madukani, ThinkPad T470 ni ya 6 ama 7, T480 nyingi ni ya 8. EliteBook 840 G3 ni ya 6, G4 ni ya 7, G5 nyingi ni ya 8. Kwa Dell, Latitude 7480 ni ya 6 ama 7 iache, 7490 nyingi ni ya 8 iangalie. Nasema nyingi kwa sababu T480 na G5 ziko zingine zilitoka na prosesa ya 7 ndani, kwahivyo usiamini kibandiko wala jina la modeli, ingia kwenye setingi sehemu ya About usome namba kwa macho yako.

Kuhusu kraki, yani Windows iliyofunguliwa bila leseni. Wallahi hili linaniuma kwa sababu watu wanaweka M-Pesa, barua pepe za wateja na hesabu za miaka kwenye mashine ambayo Windows yake imefunguliwa na programu iliyotoka mahali hakuna anaepajua, na ili iingie ilibidi fundi azime antivairasi kwanza. Hebu fikiria hilo, umezima mlinzi ndio umkaribishe mgeni. Kuitambua ni rahisi, bonyeza Windows pamoja na R, andika slmgr /xpr, kisha enta. Ikisema permanently activated uko karibu na usalama, ikikuletea tarehe ya kuisha, mara nyingi ndani ya siku 180, basi hiyo ni leseni ya aina ya makampuni makubwa na kwenye laptopu ya dukani yaelekea imechezewa. Na hakuna haja yenyewe, kwa sababu laptopu nyingi za ex-UK zilikuwa za ofisi, zina leseni ya Windows Pro imo ndani ya bodi tayari, ukiinstoli Windows safi kutoka Microsoft na ukaunganisha na intaneti yajiaktiveti yenyewe. Mwambie fundi afanye hivo mbele yako. Kutoka 10 kwenda 11 halali nako ni bure.

Ya pili: Linux Mint

Kwa nyumbani, hii naiweka juu kabisa kama mashine unayo tayari na Windows 11 imeikataa. Usiitupe. Kernel ya Linux, yani kiini cha mfumo, ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, na Mint imejengwa juu ya Ubuntu, mradi ulioanzishwa 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Ni bure kabisa, hakuna leseni, hakuna kraki. Mint 22 ilitoka 2024 na itapata apdeti mpaka 2029. RAM ya 4GB yatosha kuanzia, na ukiongeza SSD (diski ya kisasa yenye kasi) ile laptopu ya jenereshoni ya 4 iliyokuwa yakohoa utaishangaa.

Raha yake ni kwamba waijaribu kabla ya kuiweka. Unatengeneza fleshi, unawasha mashine kwa hiyo fleshi, Mint inafunguka bila kugusa kitu ndani. Jaribu wifi, sauti, kamera, na printa yako. HP nyingi zinakubali zenyewe, Epson za tangi la wino zina draiva za Linux pia, lakini usikisie, ichomeke uone karatasi inatoka.

Wenye saiba ningependa mlifikirie hili kwa uzito. Fleshi za wateja zile zenye vairasi ya kugeuza mafolda kuwa shotikati, hiyo vairasi ni ya Windows, kwenye Mint haina pa kushika. Shida iko kwenye Word. LibreOffice yafungua faili za Word lakini CV ya mtu yaweza kusogea mistari, hasa fonti ikikosekana, kwahivyo instoli fonti ya Carlito inayochukua nafasi ya Calibri kwa vipimo vilevile, na acha mashine moja ya Windows yenye Word halisi kwa kazi za kupriti zisizotaka mchezo. Na kama Tally ndio mkate wako, Mint sio yako, hapo sitakudanganya.

Ya tatu: Mac

Kama wafanya video za harusi, picha, muziki, ama dizaini, na pesa ipo, ipandishe iwe ya kwanza kwako. Lakini ununue za chipu ya M1 kwenda mbele, zilizoanza kutoka Novemba 2020. Mac za Intel ziko bei rahisi sana sai na ziache, macOS Tahoe iliyotoka 2025 ndio toleo la mwisho kuzikubali, na hata hiyo yachukua modeli chache tu. MacBook Air M1 haina feni, na kwa sisi tunaokaa karibu na bahari, hewa ya chumvi na vumbi, naona hiyo ni faida. RAM yake haiongezwi baadae, ukinunua 8GB umenunua 8GB.

Hatari kubwa ya Mac ya mtumba ni kufungwa. Mashine ilikuwa ya kampuni, kampuni haikuitoa kwenye mfumo wao, muuzaji ameipitisha kijanja. Kabla hujatoa pesa waambie dukani mashine ifutwe yote, iwashwe upya ikiwa kwenye wifi. Ikitokea skrini ya Remote Management ama ikidai akaunti ya mtu mwengine, ondoka.

Ya nne: Chromebook

Kwa mtoto wa shule kusoma, kuandika na video, sawa, haina mambo mengi na vairasi za Windows hazimpati. Lakini bando likiisha mengi yanasimama, na programu za ofisi za Windows hazingii. Tarehe ya mwisho ya apdeti yahesabiwa tangu modeli ilipotoka, si tangu uliponunua wewe. Modeli za 2021 na kuendelea zina miaka 10, za nyuma yaweza kuwa zishaisha, angalia kwenye setingi sehemu ya About ChromeOS. Na zile za mashule ya ng'ambo ziko zilizosajiliwa bado kwa shule, hizo ni kama Mac iliyofungwa.

Ukishaamua, risiti iandikwe modeli, namba ya prosesa, serial namba, siku za kurudisha, na kama ni Windows iandikwe wazi kwamba leseni ni halali. Muuzaji akikubali yote isipokuwa hiyo ya leseni, duka jengine liko hapo mbele tu.