Kikapu chenye uzi wa kijani: huduma ya chama cha mtaa, Mji wa Kale, Mombasa

Chama hiki cha huduma cha Mji wa Kale nakipa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niliyoizuia nitaieleza. Jina lao silitaji. Wao wenyewe wameomba hivyo, na sababu yao naikubali: jina likishazoeleka, kila kikapu kitakachoonekana kimewekwa mlangoni kitawaambia wapita njia hali ya nyumba ile. Mwenye haja nao aulize barazani Kibokoni, ataonyeshwa bila taabu.

Mimi ni mhasibu, nakaa Nairobi. Mamangu anakaa Mji wa Kale na mjukuu wake wa miaka 12, na ni miaka mingi sasa anadunga insulini. Tarehe 6 Aprili 2020 serikali ilifunga njia za kuingia na kutoka Nairobi, siku mbili baadaye ikafunga Mombasa, Kilifi na Kwale. Kisha tarehe 6 Mei, Ramadhani imeshaingia, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe akatangaza kwamba Mji wa Kale, pamoja na Eastleigh huku kwetu Nairobi, haingii mtu wala hatoki. Ikawa kati yangu na mamangu pana vizuizi vitatu. Huduma hii niliitumia kwa simu tangu mwanzo hadi mwisho, na ninayoyasema hapa nimeyasikia kwa mama na kwa mtoto, nimeyasoma katika hesabu za chama, na mengine nimeyaona mwenyewe nilipopata kuteremka Mombasa njia zilipofunguliwa Julai.

Kabla ya korona kilikuwa chama cha kawaida tu cha vijana wa mtaa: kuzibua mitaro, kuchangia mazishi, kuitisha watu watoe damu. Vyama vya namna hiyo vingi vilinyamaza mikusanyiko ilipokatazwa, na siwalaumu, maana kazi yote ya chama ni kukutana. Hawa walikaa siku chache wakapanga upya. Mikutano ikahamia WhatsApp, mtaa ukagawanywa vichochoro kwa vichochoro, na kila kichochoro kikawekewa mtu mmoja anayekaa hapo hapo, ili pasiwe na haja ya mtu kuzunguka mji mzima. Kizuizi kilipowekwa, mpango huo ndio uliowaokoa. Waliokuwa nje walileta mzigo mpaka kizuizini, waliokuwa ndani wakaupokea na kuusukuma kwa mkokoteni, kwa kuwa vichochoro vyetu gari halipiti.

Fungu la kwanza alilopelekewa mama lilikuwa kama mafungu yote yaliyogawiwa mwaka huo: unga wa mahindi, mafuta, sabuni, sukari kilo mbili. Mama akairudisha sukari. Hakurudisha kwa ubaya, alisema tu katika nyumba hii sukari haitumiki, wampe mwenye watoto. Wiki iliyofuata akapigiwa simu na msichana mwenye daftari: “Salaam aleikum, bibi. Nyumbani mna nini, na hamna nini?” Mama akamwambia unga wa mahindi upo, anataka unga wa atta, mbaazi, nazi mbili na ndizi mbichi. Vikaja hivyo hivyo. Na haikuwa kwa mama peke yake. Tangu wiki hiyo kila nyumba iliulizwa kwanza. Kwangu mimi hapa ndipo chama hiki kinapowapita wengi wenye pesa kukishinda. Mzee wa Mji wa Kale ukimletea usichomuuliza atashukuru, atakipokea kwa mikono miwili, na kitakaa pembeni kikiota wadudu wakati anachokihitaji hana.

Vitu vilikuja ndani ya kikapu cha ukili. Kila nyumba ina vikapu vyake viwili, kimoja kikija kimoja kinaanikwa juani juu ya dari, na hakuna jina lililoandikwa popote. Kuna uzi wa rangi uliofungwa kwenye mshikio. Wa mama ni wa kijani. Kijana anapiga hodi, anaweka kikapu barazani, anarudi nyuma hatua kadhaa na barakoa yake usoni, anangoja mlango ufunguliwe, anasalimia, anakwenda. Hapigi picha.

Hilo la picha nalisema kwa uchungu. Kiongozi mmoja alipita mtaa wa jirani zetu na mafungu yake na mpiga picha wake, na mwanamke ninayemheshimu tangu utotoni, aliyewahi kuwalisha wenzake miaka nenda miaka rudi, akajikuta kwenye simu za watu ameshika mfuko wa unga. Alikaa ndani siku nyingi baada ya hapo, na si kwa kuogopa korona. Msaada unaomvua mtu sitara yake umemgharimu kuliko bei ya unga. Chama hiki kiliweka sharti mapema kwamba hata wanaochanga kutoka Muscat na Dubai hawatatumiwa picha ya mtu, watatumiwa hesabu.

Hesabu hizo nimezipitia kwa jicho la kazi yangu. Kila Ijumaa jioni ukurasa unatoka: kilichoingia, kilichonunuliwa, kwa bei gani, dukani gani, kilichobaki. Michango mingi ni ya shilingi elfu moja au chini yake, na sababu iko wazi kwa anayekumbuka: tangu katikati ya Machi mwaka huo kutuma hadi elfu moja kwa M-Pesa hakukukatwa ada. Waliochanga elfu tano walituma mara tano. Risiti za jumla zimebandikwa kwenye daftari kwa tarehe, na nilipolinganisha idadi ya magunia ya mchele na idadi ya nyumba, zikaoana. Nimekagua mashirika yenye ofisi na kiyoyozi ambayo hayawezi kukuonyesha hivyo.

Dawa ilikuwa wasiwasi wangu mkubwa kuliko chakula. Duka la dawa analolitegemea mama liko nje ya kizuizi. Insulini haitaki joto, na Mombasa ya Mei hata kukinyesha joto halikuachi. Lakini haitaki barafu pia, ikiganda imeharibika. Walichofanya ni hiki: chupa ya chai ya mdomo mpana, vipande vya barafu chini, juu yake kitambaa kilichokunjwa mara nne, kisha kijisanduku cha dawa, kisha kitambaa tena. Mjukuu alinieleza kwa simu kwamba yule kijana alikuwa hamwachii chupa mpaka aifungue mbele yake na kugusa kijisanduku kwa kiganja. “Iguse. Baridi au barafu?” Mtoto akisema baridi, ndipo kijana anaaga. Kwa kipindi chote ambacho mtaa ulifungwa, karibu mwezi mzima, mama hakukosa sindano hata mara moja, na hakupata dawa iliyoharibika.

Ramadhani ile ilikuwa na tabu yake ya peke yake. Misikiti imefungwa, kwa hiyo hata futari ya msikitini haikuwepo. Mtu wa mbali na mji wetu huenda asijue uzito wake, lakini kuna mahamali, wasafiri na wazee wasio na jamaa ambao mwaka baada ya mwaka hufuturu msikitini, na huo ndio mlo wao wa uhakika. Na wapishi wa harusi nao walikuwa wamekaa bure kwa kuwa harusi zimesimama. Chama kikawakutanisha: wapishi wakalipwa kupika futari, kila mpishi jikoni mwake, na vijana wakasambaza. Mafundi cherahani vilevile. Ramadhani ndiyo msimu wao, kanzu na nguo za watoto za Idd, na mwaka huo hakuna aliyeshona. Wakapewa kazi ya barakoa za kitambaa, wakilipwa kwa kila moja. Ikumbukwe kwamba kutembea bila barakoa kulikuwa na faini ya hadi shilingi 20,000, na nyumba yenye watu wanane wenye barakoa moja ilikuwa inatoka kwa zamu.

Sasa hiyo nyota moja. Kwanza, simu. Kwa muda mrefu ilikuwa laini moja tu, na baada ya alasiri ilikuwa haipatikani kwa wingi wa wapigaji. Mwenye haja ya haraka hakujua aende wapi. Pili, futari ilikuwa ikifika mapema mno. Kafyu ilianza saa moja usiku na magharibi ya Mombasa inaingia kama robo tatu ya saa kabla, kwa hiyo vijana walianza kuzunguka baada ya alasiri tu, na tambi na maharagwe yalifika kwa mtu yakalala mpaka yakapoa. Kwa mwenye jiko si kitu, atapasha. Yule mzee wa chumba kimoja asiye na mkaa alikula baridi. Tatu, na hili ndilo zito, mwanzoni waliopeleka vitu wote walikuwa wanaume. Mamangu ni mjane anayeishi na msichana mdogo, na nyumba kama yake mtaani ni nyingi. Ilibidi akina mama wenyewe wapeleke neno ndipo wasichana wakaingizwa kwenye kazi ya kupeleka, badala ya kubaki kwenye simu na daftari. Waliposikia walirekebisha, lakini chama cha huduma cha mtaa wa Waislamu kilipaswa kulijua hilo kabla ya kuambiwa.

Nimeacha kwa makusudi jambo ninalolipenda kuliko yote, niliseme kwa nafasi yake. Mama kwa amri ya daktari hafungi, na kwa kila siku asiyofunga anatoa fidia, kibaba kimoja cha nafaka kumpa maskini. Mwaka huo hakuwa na njia ya kuitoa, na iliyokuwa inamsumbua zaidi ni kwamba yeye mwenyewe amekuwa mtu wa kuletewa kikapu. Akamuuliza yule msichana wa daftari kama fidia yake wanaweza kuipokea. Msichana hakushangaa wala hakumwambia, “Wewe bibi usijali.” Alimwambia aipime. Mama akapima mchele wake wa akiba, kibaba kwa kibaba, akautia ndani ya kikapu kitupu chenye uzi wa kijani, na kikapu kikaondoka na kitu ndani yake. Ilipokaribia Idd akatoa na zaka ya fitri, pishi yake na pishi ya mjukuu, kwa njia ile ile. Nilipouliza baadaye, nikaambiwa nyumba kadhaa zilizokuwa zikipokea zilikuwa pia zikitoa, na katika daftari safu hizo mbili zinakaa pamoja, bila alama ya kuonyesha kwamba mpokeaji ni nani na mtoaji ni nani. Sauti ya mama kwenye simu jioni ile ilikuwa sauti yake ya siku zote, ya mtu mwenye nyumba yake.

Nilipofika Julai nilikwenda kuwaona. Ghala lao ni chumba cha chini cha nyumba ya zamani, kuta nene, ndani kumepoa. Mizani mezani, magunia yameinuliwa juu ya mbao yasiguse sakafu, vikapu vimetundikwa kwenye misumari kwa rangi za nyuzi. Kizuizi kilikuwa kimeondolewa tangu Juni lakini kazi haikusimama, kwa kuwa watalii walikuwa hawajarudi, na nyumba nyingi za mji huu zinakula kutokana nao. Walikuwa wamepunguza chakula kilichopikwa na kuongeza dawa na ada za safari ya kliniki. Laini za simu zilikuwa zimeshafika tatu.

Wanachokitafuta kwa sasa ni friji ndogo ya dawa, hata iliyotumika, ilmradi inashika baridi bila kugandisha. Anayetaka kuchanga apewe nambari na wao wenyewe, asiichukue kwa mtu wa tatu, na asubiri ujumbe wa kuthibitisha siku hiyo hiyo. Anayeleta nafaka alete mbaazi na mchele. Sukari wanayo ya kutosha.