Michigan msimu wa 2024: timu isiyo na mtu wa kurusha mpira

Msimu huu wa timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Michigan naupa nyota mbili kati ya tano, na zote mbili ni za walinzi. Mabingwa wa vyuo wa Marekani, waliotoka kushinda mechi zote 15, wanaingiaje msimu mpya bila kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi? Kwotabeki wetu J.J. McCarthy alikwenda NFL, ligi ya kulipwa, kocha Jim Harbaugh akaenda Chargers, timu ya ligi hiyo, timu akaachiwa Sherrone Moore. Pengo lilionekana tangu majira ya baridi, likaachwa hivyo hivyo.

Davis Warren alianza mechi tatu za kwanza na pasi zake sita ziliishia mikononi mwa wapinzani. Texas walikuja kwetu Ann Arbor wakashinda 31-12. Akawekwa Alex Orji, kijana mwenye kifua na mbio, lakini si mrushaji. Hapa ndipo ninapokereka hasa.

Una majaribio manne ya kusogea yadi 10. Mpinzani akishajua hurushi, anashusha walinzi wake wa nyuma na kujaza watu wanane karibu na mstari. Wewe una wazuiaji watano, ongeza mmoja au wawili wa pembeni. Hesabu haitoshi: daima kuna mtu mmoja ambaye hajaguswa na yeyote, na huyo ndiye anayemkamata mkimbiaji wako. Unapata yadi mbili, kisha moja. Jaribio la tatu unadaiwa saba, lazima urushe, na uwanja mzima unajua huwezi. Unaupiga mpira kuwarudishia, na walinzi wako wanaingia tena kabla jasho halijakauka.

Dhidi ya USC tulipata yadi 32 tu za pasi mechi nzima! Tulishinda 27-24 kwa sababu mkimbiaji wetu Kalel Mullings alichomoka yadi 63 mwishoni. Kwa Minnesota tuliongoza 24-3, tukanusurika 27-24. Huo ulikuwa ushindi wa kutisha, na aliyeufurahia hakutazama vizuri. Washington wakatuumbua, akaingia mrushaji wa tatu, Jack Tuttle. Akaanzishwa yeye kwa Illinois, tukalala 21-7, kisha Warren akarudishwa. Pasi nzuri huachiwa kabla mpokeaji hajageuka. Mrushaji anahesabu hatua zake. Ukibadilisha warushaji kila baada ya wiki chache, hesabu hiyo inaanza upya mazoezini, na pasi inafika nusu hatua nyuma ya mtu. Hili ni kosa la benchi, silisamehi.

Halafu ikaja mechi ya Ohio State, mwishoni mwa Novemba, kwao Columbus.

Warren alirusha yadi 62 tu na kuporwa mara mbili. Udhaifu ulikuwa ule ule! Lakini Mason Graham na Kenneth Grant, wale majabali wa katikati ya mstari, walifunga mlango. Ohio State wakang'ang'ania kukimbia katikati, palepale penye nguvu yetu, wakaambulia yadi 77 za mbio, na kipindi cha pili hawakupata hata pointi moja. Wapokeaji wao walikuwa hatari kuliko wetu wote. Kwa nini hawakurusha zaidi, mpaka leo sielewi. Mullings akabeba mpira mara 32. Alipochomoka yadi 27 dakika za mwisho, yule mtu asiyeguswa alikuwepo, safari hii akaparamiwa. Zikiwa zimebaki sekunde 45, mpiga teke wetu Dominic Zvada akapiga mpira katikati ya nguzo kutoka yadi 21, pointi tatu: 13-10. Mwaka wa nne mfululizo tunawashinda, na hao ndio waliokuja kutwaa ubingwa wa nchi msimu uleule.

Baadaye tukawafunga na Alabama 19-13. Ushindi nane, vipigo vitano. Nilianza na nyota mbili. Nafuta, naandika nne. Ya tano siitoi, kwa sababu ya Illinois.