Taa ya upepo wa tairi haizimi: sensa ipi ununue na ipi uiache dukani

Kuna watu wanaendesha mwaka mzima na ile taa ya njano ya tairi, ile yenye alama ya mshangao katikati, na wameshaizoea kabisa. Halafu siku wakiamua kushughulika nayo wanakimbilia moja kwa moja Gerezani Kariakoo pale Dar au Kirinyaga Road Nairobi kuulizia sensa, yaani kile kidude cha ndani ya tairi kinachopima upepo na kuiambia gari, wanauziwa nne, zinafungwa, taa ipo palepale na hela imeshaenda. Mara nyingi sensa yenyewe haina kosa, imenunuliwa tu kabla mtu hajajua gari inataka ipi na nani ataitambulisha kwa gari. Kwa hiyo kabla sijapanga ipi ya kwanza na ipi ya mwisho, tuanze na gari yako.

Fungua swichi bila kupiga stata, taa ya tairi inatakiwa iwake sekunde chache izime. Isipowaka kabisa kwenye gari ambayo unajua ina huo mfumo, shtuka, kuna mtu kaizima ili gari iuzike. Ikiwaka na kutulia tu, hiyo ni upepo. Chukua geji upime tairi zikiwa za baridi, linganisha na kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, jaza, endesha kidogo. Ila ikipepesa kama dakika moja hadi moja na nusu ndio inabaki inawaka, na kila ukiwasha gari inarudia hivyohivyo, hapo mfumo wenyewe unalalamika, kuna sensa haisikiki. Na nyie wa Njombe na Limuru mnaoamka na taa mwezi wa saba, mmejaza upepo mchana tairi imechemka, usiku baridi imeingia. Kila joto likishuka nyuzi 5 au 6 tairi inapoteza kama psi 1, kile kipimo cha upepo kwenye geji. Jazeni asubuhi, msinunue kitu.

Sasa swali ambalo wengi wanaliruka: gari yako ina sensa kweli? Marekani sheria ilikuja baada ya ile kasheshe ya tairi za Firestone zilizokuwa zinapasuka kwenye Ford Explorer, na kuanzia Septemba 2007 gari ndogo zote mpya zinazouzwa kule lazima ziwe na mfumo wa kuonya. Ulaya ni kuanzia Novemba 2014 kwa gari ndogo za abiria zote mpya. Japani hawakulazimisha, ndio maana Vitz, IST na Probox tunazoagiza nyingi hazina kitu humo ndani. Halafu kuna gari zina taa lakini hazina sensa ndani ya tairi, Golf nyingi za Ulaya ziko hivyo, zenyewe zinatumia sensa za breki za ABS kusikilizia spidi ya kila gurudumu, kwa sababu tairi iliyopungua upepo inazunguka haraka kidogo kuliko wenzake. Gari ya hivyo ukishajaza upepo unabonyeza kitufe cha SET au unaingia kwenye menyu unaseti upya, basi. Na kama taa ya ABS imewaka pamoja na ya tairi, tatizo lako liko kwenye ABS. Mtu akikuuzia sensa za tairi kwa gari ya aina hiyo amekuibia mchana kweupe.

Dalili ya haraka: dashibodi ikikuonyesha psi ya kila tairi, una sensa ndani. Nozo, yaani pale unapojazia upepo, ikiwa ya chuma yenye nati mara nyingi ina sensa nyuma yake, ila nozo ya mpira isikudanganye, nayo inaweza kuwa nayo.

Kitu kingine ambacho kwetu kinauma zaidi ni umri. Betri ya sensa inakaa kati ya miaka 5 na 10 na imemwagiwa gundi ngumu humo ndani, haikutengenezwa ibadilishwe. Kenya gari inaruhusiwa kuingia ikiwa haijazidi miaka 8, Tanzania tunaleta hata za zaidi. Maana yake gari inafika bandarini sensa zake ziko ukingoni kabisa, zote nne ni za siku moja kiwandani, moja ikifa leo nyingine zinafuata tu. Ndio maana mimi nikisikia mtu anabadilisha moja kwenye gari ya miaka 9 naona anajitafutia kulipa hela ya kufungua tairi mara nne. Badilisha zote, hasa kama tairi mpya zinaingia, maana tairi tayari imetolewa kwenye ringi.

Kabla ya kununua, tafuta fundi mwenye kifaa cha kusomea sensa, sio skana ya kawaida ya injini. Anakiweka karibu na nozo ya kila tairi, kinaiamsha sensa, inajibu namba yake, psi, joto, masafa yake ya redio na mara nyingi hali ya betri. Tairi isiyojibu ndio mgonjwa. Zikijibu zote nne na taa bado inapepesa basi namba hazijasajiliwa kwenye kompyuta ya gari au kipokezi kina shida, na hapo sensa mpya haikusaidii chochote. Kwenye Toyota skana ikikuonyesha kodi ya hitilafu C2121 hadi C2124 ni kwamba sensa fulani haisikiki, ila msianze kubishana kwamba 2121 ni mbele kulia, ile ni namba ya sensa kwenye kumbukumbu ya gari, tairi zikishazungushwa haijulikani tena iko wapi. Na tairi ya akiba! Baadhi ya Toyota kubwa za soko la Marekani, 4Runner kwa mfano, zina sensa ya tano kwenye spea. Watu wanabadilisha nne wanalia, kumbe ya tano iko nyuma imelala.

Pia uliza kama kuna tairi imewekwa tyubu. Mafundi wetu pancha ikiwasumbua kwenye ringi ya tubeless wanaingiza tyubu, na ili tyubu iingie sensa inatolewa, na ikitolewa inatupwa. Taa itapepesa hadi kiama.

Haya, masafa, yaani mawimbi ya redio ambayo sensa inaongea nayo na gari. Kuna 315 MHz na kuna 433. Gari ya Marekani, na ya Japani ikiwa nayo, kwa kawaida ni 315, ya Uingereza na Ulaya 433. Zinafanana nje hadi skrubu, ukifunga isiyo yake gari haitaisikia hata ukiipeleka kwa nani.

Sasa nipange.

Namba moja kwangu ni sensa ya kuprogramu inayobeba masafa yote mawili. Autel MX-Sensor, Schrader EZ-sensor, Huf IntelliSens, hayo ndio majina ya sensa za kuprogramu utakayoyasikia, ila uliza kama hiyo unayopewa inabeba yote mawili. Inakuja tupu, fundi anaichagulia aina ya gari na mwaka. Uzuri wake mkubwa ni kwamba anaweza kukopi namba ya sensa ya zamani kwenda kwenye mpya, gari haijui kama kuna kilichobadilika, hakuna kusajili. Hilo linawezekana sensa ya zamani ikiwa bado inajibu, au namba imesomeka kwenye mwili wake baada ya tairi kufunguliwa, au imetolewa kwenye kompyuta ya gari kupitia plagi ya OBD chini ya usukani. Kule nje moja ni kama dola 25 hadi 50, kwetu ongeza usafiri na faida ya muuzaji. Onyo moja tu, na ni kubwa: sensa ya Autel inaprogramiwa na kifaa cha Autel. Ukinunua ya kampuni moja fundi wako ana kifaa cha kampuni nyingine unaweza kuwa umeshikilia plastiki. Kwa hiyo unaanza kwa fundi, unamuuliza ana kifaa gani, ndio unaenda dukani, na akiwa nazo yeye mwenyewe nunua kwake hata kama amezidisha kidogo, kwa sababu zikikataa kushika ni kesi yake.

Namba mbili ni orijino mpya, ya kampuni ya gari. Ubora wake hauna ubishi na masafa hukosei ukiagiza kwa chesisi namba. Kilichoishusha ni bei, inaweza kuwa mara mbili au tatu, na bado gari kama Toyota inataka namba mpya ziandikwe kwenye kompyuta kupitia OBD. Yaani umelipa zaidi na fundi mwenye kifaa bado unamhitaji. Gari ikiwa mpya mpya bado, au wewe ni mtu wa kutotaka mchezo, chukua hii. Na feki za maboksi ya orijino zipo kibao, ukiona bei ni tamu sana jua.

Namba tatu nitawashangaza, ni zile za kofia za nje, za kufungia juu ya nozo, zenye kioo kidogo cha sola cha kubandika kwenye dashibodi. Hazizimi taa ya gari, sahau, haziongei na gari kabisa. Lakini mwenye Probox au Noah isiyo na mfumo wowote, anayekula barabara ya Dar hadi Mbeya usiku na mzigo, hii inampa psi ya kila tairi mbele ya macho kwa hela ndogo na betri zake anabadilisha mwenyewe. Ubaya, zinaibiwa. Ukipaki mtaani usiku mtoto anazifungua kwa vidole. Tafuta zenye nati ya kufungia, na zikague kwa maji ya sabuni baada ya kufunga, kofia isiyokaa vizuri inavujisha upepo polepole na wewe unadhani ni pancha.

Namba nne, zile za mtandaoni za bei chee zisizo na jina, zilizoprogramiwa tayari kwa gari moja. Namba ya pati ikilingana kabisa na ya kwako zinafanya kazi, sikatai. Tatizo utazijua ubora wake baada ya kufunga, na gharama ya kufungua tairi, kufunga na kubalansi mara ya pili inakula akiba yote uliyodhani umeipata.

Mwisho kabisa, za mtumba zilizochomolewa kwenye gari iliyokatwa. Usinunue. Betri haibadilishwi, umri wake huujui, muuzaji mwenyewe haujui. Hata za bure nisingefunga.

Nozo nayo chagua. Mwambao, Mombasa, Tanga, Unguja, nozo ya aluminiamu inaliwa na chumvi, na mtu akiweka sindano ya shaba humo, kile kipini cha ndani ya nozo kinachozuia upepo, zinashikana ukija kufungua inakatika na sensa nzima imekwenda. Kwa gari ndogo ya kawaida chukua ya mpira. Ukichukua ya chuma, weka sindano yenye rangi ya fedha na kofia ya plastiki, na fundi asikaze ile nati kwa nguvu zote, inataka kidogo tu, ikipasuka upepo unatoka.

Siku ya kufunga simama hapo. Sensa ni kitu cha ukubwa wa nusu kiberiti kimekaa nyuma ya nozo, na fundi akianza kubandua tairi na mtaimbo upande huohuo anaivunja bila kujua. Mwambie aanzie mbali na nozo. Kabla hazijaingia ndani ya ringi piga picha namba ya kila moja, imeandikwa kwenye mwili wake, kwa sababu kifaa kikigoma kuisoma siku ya kusajili hutalazimika kufungua tairi tena. Na ile dawa ya kopo ya kuziba pancha isiingie humo, inaweza kuziba kitundu cha sensa, ikitokea umekwama njiani ukaitumia basi mwambie anayefuata kufungua tairi aisafishe mapema.