Sheldrick Nairobi: saa ya ndovu ni tamu, lakini dayari za walezi ndio mali yenyewe

Watu wakiandika kuhusu kituo cha ndovu yatima cha Sheldrick, pale ndani ya Nairobi National Park, ni picha tu za watoto wa ndovu wakigaragara kwa matope. Sawa, ile saa ya wageni, saa tano hadi saa sita mchana, ni tamu kweli na lazima ubuki mapema. Lakini mimi nyota tano nawapa kwa sababu ya rekodi zao.

Ukifadhili ndovu mmoja, kuanzia dola 50 kwa mwaka, kila mwezi unapata habari kwa imeili, halafu kwa tovuti yao unasoma dayari za walezi siku kwa siku, za Nairobi na za vituo vyao vya kurudisha ndovu msituni, yaani Voi, Ithumba na Umani Springs: nani alichelewa kutoka bomani, nani alimsukuma nani kwa dimbwi, nani hakuwa sawa. Kila yatima ana ukurasa wake: aliokolewa lini, wapi, na aliachwaje bila mama, kama ni kisima, ukame au majangili.

Mbona najali hivi? Mtoto wa ndovu anaweza kucheza vizuri asubuhi na jioni awe hoi. Wale wadogo wananyonya chupa kila masaa matatu, usiku na mchana, na walezi wanapokezana makusudi ndio mtoto asimzoee mtu mmoja pekee, sasa anayeingia zamu asipojua kwamba chupa ya saa tisa usiku ilibaki nusu, atajuaje kuna shida? Hapo kichwa peke yake hakitoshi jamani, ni kuandika.

Halafu unamfuata mnyama miaka. Wendi aliletwa 2002 akiwa kichanga kabisa, akahamia Ithumba, akarudi msituni, na 2015 akazaa Wiva. Yatta, yatima mwingine, naye alimzaa Yetu 2012. Kulea na kuachilia wengi husema wanafanya, ila kwamba mnyama aliishi, akapata kundi, akazaa, bila maandishi utaonyesha na nini?

Ombi langu moja: dayari ni za Kiingereza, na walezi ni wetu, zikiwa pia kwa Kiswahili watoto wa shule wa Voi na Kibwezi watazisoma kwa raha sana. Na wewe unayetaka kufadhili, usichague kwa picha, soma kwanza dayari za miezi kadhaa halafu uchague.