Udahili wa shahada za juu za sayansi ya chakula Marekani: tathmini ya miezi ya kusubiri majibu

Huduma inayopimwa hapa huanza mwombaji anapolipa ada na kubonyeza kitufe cha kutuma, na huisha anapopata ndiyo au hapana. Kwa idara nyingi za sayansi ya chakula Marekani, maombi hufungwa kati ya mwanzo wa Desemba na katikati ya Januari, na pilikapilika za majibu hutulia baada ya 15 Aprili. Ni miezi mitatu au minne ya kukaa roho juu. Katika vyuo vikubwa ada ya mwombaji wa nje hukaribia dola 100 au kupita hapo, na hairudishwi. Kwa hiyo mwombaji ana haki ya kuuliza amenunua nini.

Amenunua mfumo mzuri wa kupokea nyaraka, ambao haumwambii jambo lenyewe analolisubiri. Katika fani hii jambo hilo mara nyingi si alama. Ni iwapo yupo mhadhiri mwenye ruzuku mkononi, mwenye nafasi kwenye maabara, na mwenye mada inayokutana na ya mwombaji.

Tuanze na lango la maombi la mtandaoni. Vyuo vingi hutumia Slate, programu ya kampuni ya Technolutions, au mfumo unaofanana nayo. Upande wa nyaraka hauna shida: orodha ya kilichofika na kisichofika huonekana, na inasomeka kwa urahisi. Faida yake kubwa iko katika wiki mbili za kwanza baada ya tarehe ya mwisho. Siku hizo lifungue na upitie mstari kwa mstari, kwa sababu katika idara nyingi jalada lisilokamilika haliendi kwenye kamati. Linakaa tu. Mwombaji anaona majibu yanachelewa, kumbe jalada halijaanza hata kusomwa.

Makosa yanayokwamisha majalada ni yaleyale kila mwaka. Barua ya tatu ya mapendekezo haikuingia kwa sababu kiungo alichotumiwa mwandishi kiliangukia kwenye barua taka. Alama za mtihani wa Kiingereza zilikuja na jina lililopangwa tofauti na lilivyo kwenye fomu, mfumo ukashindwa kuziunganisha na jalada. Transkripti ilipakiwa bila ukurasa wa nyuma unaoeleza maana ya madaraja, msomaji akabaki anakisia kama 65 ni alama nzuri au mbovu. Alama za TOEFL na IELTS, mitihani ya Kiingereza, huhesabika kwa miaka 2, na za GRE, mtihani wa jumla wa kuombea shahada za juu, kwa miaka 5. Idara nyingi ziliacha kudai GRE kuanzia 2020, hivyo mstari wake ukiwa mtupu soma masharti ya idara kabla ya kukimbilia kulipia mtihani.

Kosa jingine halionekani kwenye lango kabisa: kuomba programu ya masomo isiyo yako. Katika vyuo vingine uhandisi wa chakula umewekwa chini ya uhandisi wa kilimo na biolojia, na katika vingine lishe na sayansi ya chakula ziko idara moja lakini zina kamati mbili. Jalada la mtu anayetaka kuchunguza ukaushaji wa matunda likiangukia kwa kamati ya lishe, halina wa kulitetea.

Baada ya wiki hizo mbili lango hubaki na neno moja, "linapitiwa", kuanzia Januari mpaka Machi. Neno hilo hufunika hali nne zisizofanana hata kidogo. Huenda hakuna aliyelisoma jalada. Huenda kamati imelipitisha na jina linazungushwa kwa wahadhiri. Huenda mhadhiri amekwisha kusema anamtaka mwombaji, ila anangoja fedha. Au idara imeshapendekeza, na ofisi ya shahada za juu ya chuo ndiyo inayothibitisha vyeti kabla ya kutoa barua rasmi. Mwenye hali ya kwanza na mwenye hali ya nne wanaona neno lilelile. Mfumo wa lango unaruhusu kuonyesha hatua hizo. Vyuo ndivyo vinavyochagua kutozionyesha. Kwa nyaraka lango linastahili nyota 4 kati ya 5. Kwa taarifa za maamuzi, 1.

Ili kuelewa kwa nini hali ya tatu hudumu sana, angalia fedha zinatoka wapi. Idara nyingi kubwa za fani hii, kama Cornell, Purdue, Wisconsin–Madison, UC Davis na UMass Amherst, ziko katika vyuo vilivyonufaika na sheria ya Morrill ya 1862, iliyoyapa majimbo ardhi ya kugharamia vyuo vya kilimo na ufundi, na utafiti wake wa kilimo na chakula umejengwa juu ya vituo vya majaribio vilivyowekwa na sheria ya Hatch ya 1887. Mpaka leo mwanafunzi wa utafiti hulipwa kwa ruzuku za Wizara ya Kilimo ya Marekani, fedha za jimbo, michango ya vyama vya wazalishaji wa maziwa, lozi au soya, na mikataba ya kampuni za chakula. Fedha hizo huingia kwa jina la mhadhiri na mradi wake. Kamati hupima kama mwombaji atayamudu masomo. Mhadhiri hupima kama ataweza kumlipa. Ndiyo maana mwenye wastani wa juu anaweza kukataliwa, huku mwenye wastani wa kati aliyewahi kupima mnato wa mtindi akaitwa mapema Februari.

Mwaka 2025 uliliweka hili wazi kuliko miaka mingi. Serikali ya Marekani ilipositisha fedha za USAID, maabara za Feed the Future, mpango wa Marekani wa kupambana na njaa duniani, zilizokuwa vyuoni zilipoteza bajeti, ikiwemo ile ya soya katika Chuo Kikuu cha Illinois. Bajeti ya namna hiyo ikikatika, nafasi za wanafunzi zilizoitegemea hukatika nazo, na ubora wa jalada hauwezi kuzirudisha.

Programu zisizo na tasnifu ni mambo mengine. Shahada ya MPS (uzamili wa kitaaluma) ya Cornell katika sayansi ya chakula, kwa mfano, hulipiwa na mwanafunzi na haimngoji msimamizi mwenye ruzuku. Programu za aina hiyo hazina sababu ya kukaa kimya mpaka Aprili, kwa hiyo ukimya wake mrefu ni halali kuuhoji.

Kwa wanaosubiri nafasi ya utafiti, barua pepe iliyopangwa vizuri hufichua zaidi ya kulifungua lango mara kumi kwa siku. Aliyeomba Desemba asiandike kabla ya katikati ya Februari. Amwandikie kwanza mratibu wa shahada za juu wa idara, kwa sababu ndiye anayejua hatua ya jalada na kazi yake ni kujibu. Kwenye kichwa cha barua liwepo jina kamili, programu na muhula. Ndani, mistari minne inatosha: jalada limekamilika tarehe fulani, kuna jambo jipya moja, kama matokeo ya muhula uliopita au makala iliyokubaliwa, swali ni kama jalada limeshapelekwa kwa wahadhiri, shukrani. Kwa mhadhiri, swali liwe kama anatarajia kuchukua mwanafunzi mpya muhula ujao. Hilo anaweza kulijibu kwa mstari mmoja. "Je, nimechaguliwa?" hawezi kulijibu kabla ya barua rasmi hata akitaka, na kumuuliza hivyo ni kumbana bure.

Dalili yenye uzito kuliko zote ni mwaliko wa mazungumzo kwa video. Mara nyingi huchukua kama nusu saa, na katika fani hii yana maswali ya mikono zaidi ya maswali ya ndoto. Mhadhiri wa kemia ya chakula atataka kujua sampuli iliandaliwaje kabla ya kuingia kwenye HPLC, mashine ya kutenganisha na kupima kemikali, mstari wa ulinganisho ulijengwa kwa sampuli ngapi za kiwango kinachojulikana, na kipimo kilirudiwa mara ngapi. Wa mikrobiolojia anaweza kuuliza kwa nini huhesabiwa sahani za maabara zenye makoloni (vikundi vya bakteria vinavyoonekana kwa macho) 25 hadi 250: chini ya hapo hesabu haitegemeki, juu ya hapo makoloni husongamana na kuzuiana kukua. Wa usindikaji kwa joto atauliza tofauti ya thamani D na thamani z. D ni muda wa kuua asilimia 90 ya vimelea katika joto fulani, na z ni nyuzi zinazohitajika kuibadilisha D mara kumi. Wa tathmini ya hisia, yaani kupima chakula kwa kuonja, kunusa na kutazama, atasikiliza kama mwombaji anajua kwamba jopo lililofunzwa haliulizwi kama bidhaa inapendeza, kwa kuwa mafunzo yamekwisha kuliondoa katika hali ya mlaji wa kawaida. Anayekosa jibu na kusema wazi kwamba kipimo hicho hajawahi kukifanya, kisha akaeleza cha karibu alichokifanya, hujiharibia kidogo kuliko anayebabaisha.

Mwishoni mwa mazungumzo mwombaji hupewa nafasi ya kuuliza. Nafasi hiyo isipotee kwa swali la hali ya hewa. Aulize ruzuku imeshaidhinishwa au bado inaombwa, imebakiza miaka mingapi, na wanafunzi waliotangulia walimaliza kwa muda gani. Jibu la swali la kwanza linasema mengi zaidi kuhusu Machi na Aprili kuliko lango lolote.

Sehemu bora ya huduma nzima ni azimio la 15 Aprili la Council of Graduate Schools, baraza la vyuo vinavyotoa shahada za juu. Chuo kilicholitia sahihi hakimlazimishi mwombaji kujibu ofa yenye ufadhili kabla ya tarehe hiyo. Angalia mipaka yake: linahusu ofa zenye ufadhili tu, na si kila chuo kimesaini, kwa hiyo tafuta jina la chuo kwenye orodha ya waliosaini. Ofa inayosema ujibu ndani ya siku kumi mwezi Februari, ikitoka kwa chuo kilichosaini, jibu kwa adabu ukitaja azimio na uombe muda mpaka tarehe yake. Nyota 5, kwa sababu bila azimio hilo wanyonge wangekuwa wanakubali ofa ya kwanza kwa hofu.

Azimio hilohilo linaeleza kwa nini orodha ya akiba, yaani ya wanaosubiri nafasi iachwe na mwingine, husinzia mpaka mwishoni mwa Machi kisha ikakurupuka. Aliye mbele yako ameshika ofa tatu na ana ruhusa ya kuendelea kuzishika. Akiachia mbili, nafasi zinafunguka. Katika sayansi ya chakula aghalabu orodha hiyo haina namba moja kwa wote: aliyeachia nafasi ya maabara ya uchachushaji hamwachii nafasi anayetaka ufungashaji. Usiulize tu "mimi ni wa ngapi". Uliza kama nafasi inayosubiriwa iko katika maabara uliyoiomba. Na wewe mwenye ofa mbili, ile usiyoitaka iachie siku unapoamua, maana yupo mtu anayeiwaza kila asubuhi.

Barua ya ofa yenyewe tunaipa nyota 3, kwa kuwa vyuo vingi huandika posho kwa herufi kubwa na makato kwa herufi ndogo. Tazama kwanza idadi ya miezi. Posho ya dola 2,000 kwa mwezi ni dola 18,000 ikiwa ya miezi 9, na dola 24,000 ikiwa ya miezi 12. Kiangazi kisichotajwa ni kiangazi kisicholipwa mpaka uthibitishiwe kwa maandishi. Kisha tazama kama karo imesamehewa yote, na kama michango ya lazima ya wanafunzi imo, kwa sababu mara nyingi haimo na hudaiwa mwanzoni mwa muhula, kabla posho ya kwanza haijaingia. Bima ya afya inalipwa na nani? Ufadhili umeahidiwa miaka mingapi, na kwa wastani gani wa chini? Saa za kazi zisizidi 20 kwa wiki wakati wa masomo, kwani huo ndio ukomo wa mwenye F-1, viza ya mwanafunzi. Ikitajwa sharti la kusoma kozi za kufidia, kama kemia ogania au takwimu, uliza kama zinahesabiwa katika shahada, na nani anazilipia.

Ujumbe wa mhadhiri unaosema "tutafurahi kukupokea" bado si udahili. Usiikatae ofa nyingine kwa ujumbe huo. Ngoja barua ya ofisi ya shahada za juu. Ikishatoka ndipo huja fomu ya I-20, ambayo chuo humpa mwanafunzi ili aombee viza, nayo haitolewi bila uthibitisho wa fedha za mwaka wa kwanza, ambao barua ya ufadhili yenye tarakimu kamili hutosheleza kwa kiasi kilichoandikwa humo. Pengo likibaki, mwombaji hulijaza kwa taarifa ya benki. Ada ya SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, ni dola 350, hulipwa baada ya I-20 kutoka na kabla ya usaili wa viza, na namba iliyo kwenye fomu ndiyo inayoandikwa kwenye malipo. Tarakimu moja ikikosewa malipo hayaonekani. Kuingia nchini kunaruhusiwa siku 30 kabla ya programu kuanza, si mapema zaidi. Na viza ikichelewa ukalazimika kusogeza kuanza mpaka Januari, muulize mhadhiri kwa maandishi kama mshahara wa utafiti utakungoja, kwa sababu udahili huahirishwa na chuo, lakini ruzuku ina tarehe yake ya kuisha.