Kipimo cha matone cha API na chupa ya Prime: uzoefu wangu na tangi dogo lililojaa samaki

Ukishanunua tangi, filta na pampu ya hewa, na mfukoni imebaki pesa ya kitu kimoja tu, nunua kipimo cha matone, yaani kisanduku cha kupimia sumu zilizomo majini. Dawa ya kuondoa klorini, kwangu ni Prime, ifuate. Vikorokoro vingine vinavyopangwa kwenye rafu za maduka ya samaki wa mapambo vinaweza kusubiri hata mwaka mzima, na samaki wako hawatajua tofauti.

Nasema hivyo nikiwa na tangi la lita 60, Dar es Salaam, maji nyuzijoto 28 hadi 30 bila hita. Tangi aliniachia mdogo wangu alipohamishiwa Dodoma kikazi, likiwa na gapi na moli ndani, samaki wadogo wa mapambo wanaozaa watoto hai. Aliyewahi kufuga gapi anajua yanayofuata. Jike huzaa karibu kila mwezi, na hata ukimtenga na madume anaendelea kuzaa kwa mbegu alizozihifadhi mwilini. Tangi lililowafaa samaki kumi na watano hivi lilikuwa na zaidi ya arobaini, wengine wadogo kama punje ya mchele. Katika hali hiyo maji hayana subira. Kosa dogo ambalo tangi la lita 300 lingelimeza kimya kimya, kwangu linageuka dharura kabla ya chakula cha jioni.

Na dharura yenyewe huja na sura ileile. Mpwa wangu ananiita, "Shikamoo mjomba, samaki wote wako juu," nami nikienda nawakuta kweli wamejipanga chini ya uso wa maji, midomo wazi, matamvua yakienda mbio. Shida ni kwamba sura hiyo ina sababu nne tofauti kabisa: oksijeni imepungua, amonia (sumu inayotokana na chakula na uchafu wa samaki) imepanda, nitriti (sumu inayozaliwa na amonia hiyo) imepanda, au klorini imeingia na maji ya bomba. Uliza watu watatu upate tiba tatu. Mmoja atasema badilisha maji, wa pili weka chumvi, wa tatu weka ile dawa ya bluu. Kila mmoja anaweza kuwa sahihi, lakini kwa tatizo lake, si lazima kwa lako. Hapo ndipo kipimo kinapolipa gharama yake.

Ninachotumia ni API Freshwater Master Test Kit, nilicholetewa na ndugu aliyekuwa anarudi kutoka Dubai. Sanduku lina chupa saba za matone, vichupa vinne vya kioo vya kupimia na kadi ya rangi. Kinapima pH (yaani kiwango cha asidi ya maji) ya chini, pH ya juu, amonia, nitriti na nitrati, na kwa maelezo ya watengenezaji kinatosha vipimo 800 hivi kwa jumla. Unachota mililita 5 za maji ya tangi, unadondosha matone, unatikisa, unasubiri dakika tano (isipokuwa pH, ambayo husomwa papo hapo), kisha unalinganisha na kadi. Amonia huanzia njano ikaenda kijani, nitriti huanzia buluu ya anga ikaenda zambarau, nitrati huanzia njano ikaenda nyekundu. Mpwa wangu wa darasa la tano anakifanya vizuri kuliko mimi, maana yeye ana subira ya kuhesabu matone. Ila asifanye peke yake: baadhi ya chupa hizo zina kemikali kali zinazounguza ngozi, na maji yaliyokwisha kupimwa yanamwagwa chooni, hayarudishwi tangini.

Kisa kilichonifanya nikiamini kilitokana na umeme. Ulikatika jioni, ukarudi karibu na alfajiri. Usiku ule samaki walipanda juu, nikapima kwa tochi ya simu: amonia karibu na sifuri, nitriti sifuri. Basi si sumu, ni hewa. Maji ya nyuzijoto 30 hayabebi zaidi ya miligramu 7.5 hivi za oksijeni kwa lita, wakati ya nyuzijoto 20 hubeba 9, na humo ndani walikuwa arobaini wakigombea hicho kidogo. Sikuweka dawa yoyote. Nilichomeka pampu ndogo ya USB kwenye pawabenki, nikawa pia nachota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu, wakatulia. Pampu ile ni ya bei ya soda chache na ni ununuzi mzuri sana kwa mahali ambapo umeme hukatika.

Lakini habari haikuishia hapo. Bakteria wanaokula amonia wanaishi kwenye sponji ya filta, nao wanahitaji oksijeni kama samaki. Filta ikizimika saa nyingi, maji yaliyonaswa ndani yake huchacha na sehemu ya bakteria hufa. Kwa hiyo kabla ya kuiwasha niliisuuza sponji kwenye ndoo ya maji ya tangi lenyewe, kamwe si chini ya bomba, halafu nikaendelea kupima kila siku. Kweli amonia ikapanda mpaka miligramu 1 kwa lita, ikashuka, kisha nitriti ikapanda nyuma yake. Ndivyo ilivyo siku zote: kundi moja la bakteria hugeuza amonia kuwa nitriti, kundi jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, na kundi la pili ndilo linalochelewa kupona. Mtu asiyepima angeona samaki wanahema tena akadhani ni ileile shida ya umeme.

Nitriti ina tiba yake, na ni ya jikoni. Huingia kwenye damu ya samaki kupitia matamvua na kuifanya ishindwe kubeba oksijeni, damu ikawa ya kahawia; ndiyo maana samaki anahema hata pampu ikiwa inatoa mapovu vizuri. Kloridi iliyomo kwenye chumvi huizuia isipite. Gramu moja kwa lita inatosha, yaani gramu 60 kwa tangi langu, nikatumia chumvi ya mawe, nikaiyeyusha kwanza kwenye ndoo na kuiingiza kidogo kidogo. Gapi na moli hawaoni tabu na chumvi. Mwenye koridora (samaki wa chini ya tangi) au mimea laini aende taratibu. Kwa amonia chumvi hiyohiyo haisaidii chochote cha maana, na kwa upungufu wa hewa ndiyo kabisa.

Sasa Prime, ya Seachem. Ni chupa ya kuondoa klorini na kloramini (klorini iliyoungana na amonia), kipimo chake mililita 5 kwa lita 200. Kwa lita 60 ni mililita 1.5, nami natumia bomba la sindano lisilo na sindano, maana kukadiria kwa kifuniko kwenye tangi dogo ni kamari. Inanuka kama yai viza, usishtuke, haijaharibika. Uzuri wake ni kwamba inafanya kazi papo hapo na chupa ndogo inakwenda mbali. Kulaza maji kwenye ndoo usiku kucha kunaondoa klorini ya kawaida, hasa ukiyapitishia hewa, ila kloramini haiondoki hivyo, na mtu mwenye dharura hana usiku mzima wa kusubiri. Bomba la mtaani kwetu likirudi baada ya matengenezo, maji ya siku ya kwanza hunuka klorini mpaka mlangoni. Bila chupa hii nisingethubutu kuyagusa.

Maelezo ya chupa yanasema pia inaifunga amonia na nitriti kwa hadi saa 48, na kwenye dharura unaweza kuzidisha kipimo hadi mara tano. Wafugaji wanabishana sana juu ya dai hilo. Mimi nailipa kwa ajili ya klorini, na kwa amonia naichukulia kuwa ni ya kununua muda wakati najaza ndoo. Mkumbuke jambo moja: baada ya kuiweka, kipimo cha API bado kitaonyesha kijani, kwa sababu kinasoma amonia yote kwa jumla, iliyofungwa na isiyofungwa. Nimeona watu wakimwaga dozi juu ya dozi wakidhani dawa imegoma. Dozi kubwa hupunguza oksijeni majini, basi pampu ya hewa isizimwe.

Kinachookoa hasa ni maji mapya. Ukibadilisha nusu, umepunguza sumu kwa nusu. Hakuna chupa inayoshinda hesabu hiyo. Lakini hata hapa kipimo kinasema neno lake, na hili ndilo lililonishangaza kuliko yote. Tangi lililojaa, likikaa muda bila maji kubadilishwa vya kutosha, huwa na asidi, kwa sababu kazi ya bakteria wale hula uwezo wa maji wa kuhimili asidi na kushusha pH. Wiki moja niliyorudi safari nilikuta pH 6.4 na amonia 2, na samaki wanaogelea kama hakuna kitu. Kwenye maji ya namna hiyo karibu amonia yote iko katika hali isiyodhuru sana. Amonia ile kali, yenye sumu hasa, haifiki asilimia 0.2 ya yote. Maji yaliyokuwepo nyumbani siku ile ni ya kisima, pH 8, na kwenye pH 8 na nyuzijoto 28 ile kali inafika asilimia 6 na ushee. Kama ningejaza nusu tangi kwa moyo mweupe, ningeweza kuiongeza sumu mara nyingi huku nikiamini ninaipunguza. Niliweka Prime, nikabadilisha lita tano asubuhi, lita tano jioni, nikipima amonia na pH kila mara, mpaka amonia ikashuka chini ya 0.5 ndipo nikaanza kuchota zaidi. Chakula nilikata kabisa. Samaki wazima hawadhuriki kwa siku kadhaa bila kula, na kila kilicholiwa kinarudi majini kama amonia.

Kasoro za kipimo zipo. Tofauti ya rangi kati ya 0 na 0.25 ya amonia ni ya kubahatisha chini ya taa ya sebuleni. Nasogea dirishani mchana. Chupa ya pili ya nitrati lazima itikiswe kwa nguvu sekunde 30 kabla ya kudondosha, kisha kichupa chenyewe dakika nzima, la sivyo kinakudanganya kwamba maji ni safi. Wengi wasiofanya hivyo husema kipimo ni kibovu. Kijitabu hakina Kiswahili. Na hakipimi ugumu wa maji wala uwezo wake wa kuhimili asidi, ambavyo kwa mtu wa pwani mwenye maji ya visima ni muhimu. Ukinunua, tazama namba ya toleo iliyochapwa kwenye chupa: tarakimu nne za mwisho ni mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Kuna maduka yana mzigo wa zamani sana.

Nilijaribu pia vijikaratasi vya kuchovya vya kampuni nyingine. Ni vya haraka, lakini vile nilivyopata havikuwa na amonia, na amonia ndiyo ninayoitafuta saa nane za usiku. Unyevu wa hapa nao ulivimaliza kabla sijafika nusu ya kopo. Chupa ya "bakteria hai" sikuona kazi yake. Kipande cha sponji chafu kutoka kwenye filta ya jirani anayefuga vizuri kilifanya zaidi, tena bure.

Msongamano wenyewe nimeupunguza. Madume nimebaki nayo, majike mengi yamekwenda kwa watu wenye matangi makubwa na wengine shuleni kwa mwalimu wa baiolojia. Usiwamwage mtoni wala mtaroni, gapi hawana adabu ya mgeni.

Kipimo nakipa nyota nne na nusu kati ya tano, Prime nne. Chupa za amonia ndizo zinazokwisha mapema kwangu. Zinauzwa pia peke yake, kwa hiyo mara ijayo sitaagiza sanduku zima, nitaagiza amonia na nitriti, na pesa itakayobaki ninunue kipimo cha ugumu wa maji.