Gari zito la umeme, pancha ya Vigwaza na kijana wa simu

Nilikuwa nimekusudia kuanza kwa kusema kwamba mtu asinunue gari kubwa la umeme katika nchi hii, na kwamba duka lililoniuzia langu lifungwe hata kesho asubuhi. Sentensi hiyo nimeiandika na kuifuta mara mbili, kwa sababu yaliyofuata yalinipunguzia hasira kidogo, ingawa hayakunipunguzia hata chembe kwa yule kijana aliyepokea simu yangu. Jina la duka sitalitaja, wala la gari, maana shida yangu wanaweza kuipata hata wenye magari ya majina mengine.

Sifa za gari hili kila mwenye simu anaweza kuzitafuta. Itoshe kusema kwamba lina tani mbili na ushee likiwa tupu, na kwamba ndani ya uzito huo kuna betri nzito iliyolazwa chini ya sakafu, kuanzia miguuni kwa dereva hadi kiti cha nyuma. Siku ya kununua nilisifiwa uzito huo huo: "Dada, hili limetulia barabarani, halipeperuki kama haya madogo." Nilipofungua buti kutafuta spea nilioneshwa chupa moja ya dawa ya kuzibia pancha na pampu ndogo ya umeme, nikaambiwa kwamba magari ya kisasa hayabebi spea. Niliamini, na hata nilifurahi kwamba nimepata nafasi ya mizigo.

Pancha mbili za kwanza zilinipata mjini, misumari ya kawaida, na sikulalamika. Ya tatu ilinipata Jumamosi moja kabla ya masika, nikimpeleka shangazi yangu Morogoro kwenye shughuli ya mjukuu wake. Tulipita mizani ya Vigwaza, malori yakiwa yamepanga foleni, na shangazi akauliza kwa utani kwa nini na sisi hatupimwi. Mbele kidogo nilikuta mawe ambayo dereva fulani wa lori alikuwa ameyapanga barabarani kuonesha kwamba gari lake ni bovu, kisha akalitengeneza, akaondoka na kuyaacha palepale. Nilipoyakwepa nikapanda juu ya mabaki ya tairi la lori lililopasuka. Sikuhisi kitu. Katika gari langu la zamani usukani ungenivuta mikono papo hapo, lakini hili liliendelea kwenda kama limebeba kitanda, hadi nikaanza kusikia mlio wa kitu kinachopigwapigwa chini ya kiti cha shangazi.

Tairi la nyuma kushoto lilikuwa limelala. Karibu na bega lake palikuwa na tundu ambalo ungeweza kuingiza kidole cha mwisho, na ndani yake kulichungulia ncha ya chuma. Nilifuata maelekezo ya ile chupa neno kwa neno. Dawa iliingia yote, nikawasha pampu, na baada ya muda ikaanza kutoka tunduni nyeupe na nzito kama uji wa lishe, ikichuruzika hadi kwenye kokoto. Baadaye nilielezwa kwamba dawa hiyo ni ya matundu madogo, ya msumari, tena yaliyo katikati ya tairi; pembeni haina kazi. Duka halikuwa limenieleza hilo.

Hapo ndipo nilipopiga simu, nikitarajia angalau pole. Swali la kwanza la yule kijana lilikuwa: "Umepita wapi na hilo gari?" Nikamjibu kwamba nimepita Barabara ya Morogoro, ambayo ndiyo iliyopo. Akasema, na maneno haya sitayasahau, "Dada, hilo gari lina tani mbili. Ulidhani ni IST?" Kisha akanipangia: itakuja breakdown ya kubeba kutoka Dar, kwa sababu gari la namna hii halivutwi kwa kamba magurudumu yakiwa chini, yakizunguka yanaizungusha na mota, nayo inaweza kuharibika. Gharama ni laki sita, ilipwe kwanza, na muda hawezi kuuahidi. Akamalizia kwamba fundi yeyote wa pembeni akiligusa kwa jeki, waranti imekwisha. Nilikuwa bado nimeduwaa aliponiuliza kwa sauti laini, "Nikusaidie na nini kingine?"

Shangazi, ambaye alisikia yote kwa kuwa simu ilikuwa na sauti kubwa, aliniuliza tu, "Mwanangu, aliyekuuzia gari ndiye anayekuuliza umepita wapi?"

Nikiri kwamba kuhusu kamba na kuhusu jeki kijana yule hakuwa mwongo. Betri iko chini kabisa, na jeki ikiwekwa mahali pasipo pake inaweza kuibonyeza. Lakini mtu anaweza kusema kweli kwa adabu, na anaweza pia kuuliza kama abiria wako kivulini.

Aliyetuokoa ni utingo wa lori lililosimama kutuangalia. Alimpigia fundi wa pancha wa Chalinze, naye akafika kwa bodaboda akiwa na jeki ya chupa, vyuma viwili vya kung'olea tairi na mfuko wa viraka. Alimwamkia shangazi shikamoo kabla hajalitazama gari, na kwa hilo tu alikuwa amemshinda kijana wa simu. Jeki yake aliielekeza katikati ya sakafu kama anavyofanya kwa magari mengine. Nilipiga kelele. Tukachuchumaa pamoja tukatafuta alama pembeni mwa gari, chini ya mlango, akaweka kipande cha mpira wa tairi juu ya jeki na kuinua taratibu.

Alipolifungua tairi alinyamaza kwanza, kisha akaniita: "Mama, hili tairi lina godoro ndani." Kweli, sponji nyeusi ilikuwa imegundishwa kuzunguka upande wa ndani, na sasa ilikuwa imelowa ile dawa yangu yote. Matairi ya magari haya mara nyingi huwekwa sponji ili kupunguza mvumo, kwa kuwa hakuna injini ya kuufunika. Fundi alitumia karibu saa nzima kukwangua sponji na dawa ili apate sehemu kavu ya kubandika kiraka. Alilalamika, lakini alilalamikia dawa, hakunilalamikia mimi. Upepo wa kukalisha tairi kwenye rimu tuliupata kwa mpira uliounganishwa kwenye tangi la hewa la lile lori. Alinitoza elfu ishirini na tano, akaniambia kiraka cha pembeni hakiaminiki, niende polepole na nikifika nitafute tairi jipya.

Hasira yangu ilipata mushkeli alipokuwa anafunga nati. Aliuliza, "Upepo unajaza ngapi?" Sikuwa na jibu. Akapima matairi matatu yaliyobaki: 27, 28, 26. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva, mahali ambapo nimepita kila siku, pana kibandiko kinachosema 42.

Nimelifikiria jambo hili sana. Enzi za petroli niliingia sheli kila wiki, na kijana wa upepo alikuwa akiyagonga matairi kwa mguu na kuyajaza bila kuombwa. Tangu nianze kuchaji nyumbani sijaingia sheli hata mara moja, na kwa hiyo hakuna mtu aliyeyatazama matairi yangu kwa miezi. Zaidi ya hapo, kuna taa ya njano yenye umbo la kikaango chenye alama ya mshangao, ambayo huonya kwamba upepo wa matairi umepungua, nayo ilikuwa imewaka siku nyingi. Maelezo yake kwenye kioo yalikuwa ya Kichina, nami nikadhani ni joto. Siwezi kuapa kwamba chuma kile kisingepenya upepo ungekuwa 42. Fundi anaamini tairi lililolegea chini ya uzito ule hukikumbatia kila kinachokutana nalo, na yeye matairi ndiyo kazi yake.

Kwa hiyo kosa ni langu? Nilikaribia kukubali hivyo, hadi niliporudi dukani wiki iliyofuata kuuliza kwa nini sikuelezwa kuhusu upepo, na yule yule, safari hii uso kwa uso, akasema, "Pancha si tatizo la gari." Taa ya Kichina je? "Hiyo iko kwenye kitabu." Kitabu nacho ni cha Kichina.

Shangazi alirudi Dar kwa treni ya SGR na kunipigia kuniarifu kwamba nayo ni ya umeme, lakini haina matairi.

Mimi bado naliendesha gari langu, na sina mpango wa kuliuza, maana nikikumbuka nilichokuwa nalipia mafuta moyo unalainika. Tairi lenyewe limenisumbua. Duka la kwanza lilitaka kuniuzia la kipimo kile kile, 235/55 R19, lakini namba ya uzito ilikuwa 101, wakati ya kwangu ni 105. Namba hizo zina maana ya mzigo wa kilo 825 na wa kilo 925 kwa kila tairi, na muuzaji alisisitiza kwamba hazina tofauti. Nimeagiza mawili ya 105, moja la kufunga na moja la spea litakalolala kwenye buti niliyoifurahia. Ni wiki ya tatu sasa. Juzi ningelipa gari hili nyota moja, leo naandika tatu, na mwenye duka la matairi akipiga simu kabla ya Ijumaa huenda nikafikisha nne. Huduma ya waliouza inabaki sifuri.